MAZUNGUMZO YA 14: "MPINGA CHANJO" – NENO HILI LINA MAANA GANI, NA LILITOKA WAPI?

   Ikiwa unachambua mboga au unanyonyesha, endelea na kazi yako, lakini tega sikio.

Leo tutazungumza juu ya neno moja. Umelisikia barazani, kanisani na hata sokoni. Mtoto wa fulani hakupelekwa kliniki, na watu wakasema, "Yule ni mpinga chanjo." Neno likishatamkwa, mazungumzo huisha. Majirani hutikisa kichwa, yule mama hujifungia kwake, na mtoto hubaki vile vile, bila kinga.

Je, mpinga chanjo ni nani hasa? Na jina hili lilianzia wapi? Ukijua lilikotoka, utajua pia namna ya kusema na jirani yako, au namna ya kuuliza ikiwa mwenye wasiwasi ni wewe.

NENO "CHANJO" LENYEWE

Tuanze na chanjo. Neno hili limetokana na kuchanja. Tunachanja kuni, yaani tunazipasua. Waganga wa zamani nao walimchanja mtu chale, yaani walimkata ngozi kidogo kwa wembe na kupaka dawa pale penye damu. Kwa hiyo sindano ya hospitali ilipokuja, Waswahili hawakukosa neno. Waliona ngozi inatobolewa na kitu kinaingizwa ili kumkinga mtu, wakasema huku ni kuchanja.

Wazungu nao wana neno lao, na limetoka kwa ng'ombe. Mwaka 1796 daktari mmoja Mwingereza, Edward Jenner, alijua jambo lililosemwa na watu wa mashambani: wanawake wanaokamua ng'ombe wakipata ndui ya ng'ombe, ambayo ni nyepesi, hawapati ile ndui mbaya inayoua. Tarehe 14 Mei mwaka huo alichukua usaha kutoka mkononi mwa mkamuaji mmoja, akamchanja mtoto wa miaka 8 aitwaye James Phipps. Baadaye alimjaribu mtoto huyo kwa ndui yenyewe, naye hakuugua. Kwa Kilatini ng'ombe huitwa vacca, na ndipo likatoka jina la chanjo katika lugha nyingi za Ulaya.

Angalia basi, mama. Elimu hii haikuanzia katika vitabu peke yake. Ilianza pia kwa yale waliyoyaona wakamuaji wa maziwa, watu kama wewe na mimi. Daktari aliyachunguza akaona ni kweli.

UPINZANI ULIANZA WAPI?

Wengi hudhani kwamba kuogopa chanjo ni jambo la watu wasiosoma wa vijijini Afrika. Si kweli. Upinzani ulianza kule kule chanjo ilikoanzia, Uingereza. Jenner alipotangaza kazi yake, wengine walimcheka. Mwaka 1802 ulichapishwa mchoro wa dhihaka unaoonyesha watu waliochanjwa wakiota ng'ombe wadogo mwilini.

Mwaka 1853 serikali ya Uingereza ilitoa sheria kwamba kila mtoto mchanga achanjwe ndui. Baadaye wazazi waliokataa walitozwa faini, na wengine wakafungwa jela. Hasira ikapanda. Watu wakaunda vyama vya kupinga, na mwaka 1885 maelfu waliandamana katika mji wa Leicester. Hapo ndipo jina la "wapinga chanjo" lilipovuma.

Mwaka 1898 sheria ilibadilishwa. Mzazi aliruhusiwa kukataa ikiwa ataeleza kwamba dhamiri yake hairuhusu. Usemi huo wa "mwenye kukataa kwa sababu ya dhamiri" baadaye ulitumiwa kwa watu waliokataa kwenda vitani, lakini kwanza ulivuma kwa wazazi na sindano ya ndui.

Kwa nini walipinga? Sababu zao utazitambua mara moja. Wengine waliogopa kitu cha mnyama kuingia mwilini. Wengine walisema ni kuingilia kazi ya Mungu. Wengine waliona watoto wakipata vidonda baada ya kuchanjwa, maana siku hizo vyombo havikuwa safi kama leo. Na wengi walikuwa maskini waliochoka kuamriwa na wakubwa. Sababu ya nne ni ya kukumbukwa sana. Mara nyingi mtu hakatai dawa, bali anakataa namna anavyotendewa.

Na ndui iliishia wapi? Mama, iliishia karibu nasi. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini, lakini aliikwepa chanjo kwa sababu aliogopa maumivu ya sindano. Alipona. Tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha ulimwenguni. Miaka mingi baadaye Maalin alizunguka Somalia akiwasihi wazazi wawachanje watoto polio, akiwasimulia yaliyompata. Alifariki mwaka 2013, akiwa bado katika kazi hiyo.

Je, Maalin alikuwa mpinga chanjo? Hapana. Alikuwa mwoga wa sindano, kama wengi wetu. Hofu ndogo ilitosha kumtia hatarini.

JINA LINALOTUMIKA HUKU KWETU

Huku Meru, Tharaka, Embu na Mbeere tuna jina jingine. Watu husema Kavonokia, wengine Kabonokia. Ni jina la kikundi cha dini ambacho wafuasi wake hutegemea maombi na hawakubali dawa za hospitali, chanjo zikiwemo. Mara kadhaa machifu na polisi wameandamana na wauguzi ili watoto wa wafuasi hao wachanjwe.

Lakini sikiliza jina lenyewe. Ndani yake hamna neno kupinga, wala neno hospitali. Mzizi wake ni kuvonoka, yaani kuokoka. Ni jina la watu wanaojiita waliookoka. Sisi majirani ndio tuliolifanya liwe na maana ya "mtu asiyekwenda hospitali". Ukimtukana mtu kwa jina ambalo kwake ni la wokovu, atakusikiliza kweli? Hatakusikiliza. Atajitenga nawe zaidi.

Imani na hospitali si maadui. Hospitali ya Chogoria ilianzishwa na wamisionari wa Kiskoti mwaka 1922. Hospitali ya Maua ni ya Wamethodisti. Hospitali ya Consolata Nkubu ni ya Wakatoliki. Watoto wengi wa milima hii walichanjwa mara ya kwanza mahali ambapo kazi ya siku huanza kwa sala. Mtu anaweza kumwomba Mungu na bado akampeleka mtoto kliniki.

Hata hivyo kuna mpaka. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya huduma ya afya. Haki hiyo ni ya mtoto mwenyewe. Mzazi anashika imani yake, lakini mtoto hajachagua bado, naye surua haimwulizi ni wa dhehebu gani.

MANENO YA MWAKA 2014

Sasa tuje kwenye jambo lililotikisa Kenya nzima. Mwaka 2014 serikali iliendesha kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Maaskofu Wakatoliki wakauliza: Mbona wanawake peke yao? Mbona si wanaume, ambao pia hujikata kwa panga na kuchomwa na misumari? Kisha wakasema sampuli zilizopimwa zilionyesha kichocheo cha mimba ambacho kingewafanya wanawake wasizae. Maneno yakaenea makanisani, sokoni na kwenye simu. Wanawake wengi wakaogopa.

Swali la maaskofu lilikuwa la haki. Na jibu lipo, nalo kila mama anapaswa kulijua.

Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na mavi ya wanyama. Mtoto anapozaliwa, kitovu hukatwa. Kikikatwa kwa wembe mchafu, au kikipakwa mavi ya ng'ombe, udongo au majivu, vijidudu huingia. Baada ya siku chache mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri anashindwa kunyonya. Taya linakaza, mwili unakakamaa, anashtuka akiguswa. Wengi wa watoto hao hufa wasipopata matibabu ya hali ya juu, na hata wakiyapata wengine hufa.

Mtoto wa siku moja hawezi kujikinga. Lakini mama akichanjwa, mwili wake hutengeneza kinga, na kinga hiyo humfikia mtoto tumboni kupitia kondo la nyuma. Mtoto huzaliwa akiwa tayari amelindwa. Ndiyo maana walilengwa wanawake. Mwanamume hawezi kumpa mtoto aliye tumboni kinga hiyo.

Na kile kichocheo? Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisema mwaka huo huo kwamba chanjo ni salama na kwamba madai yale hayakuwa na msingi. Vipimo vilivyotumiwa vilikuwa vya kupima sampuli za binadamu, kama damu, si vya kupima dawa iliyo katika chupa. Ni kama kupima maziwa kwa chombo cha kupima mafuta ya taa. Utapata jibu, lakini si jibu la kuaminika.

Jambo moja husahaulika. Maaskofu wenyewe walisema hawapingi chanjo zote. Waliitilia shaka kampeni ile. Lakini maneno yalipofika kijijini yalikuwa yamebadilika na kuwa "kanisa limekataza sindano". Tahadhari na uvumi, mama. Ukisafiri kutoka kilima hiki hadi kile, hunenepa njiani.

Mwaka 2018 Kenya ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya akina mama na watoto wachanga. Haina maana kwamba hakuna hata mtoto mmoja anayeugua. Maana yake ni kwamba imekuwa nadra sana, chini ya mtoto mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya. Vijidudu bado vimo udongoni. Tukiacha kuchanja, ugonjwa utarudi.

JINA MOJA, WATU WANNE

Sasa turudi kwa neno letu. Tukisema "mpinga chanjo" tunawatia watu wanne tofauti katika gunia moja. Hebu tuwatenganishe.

Wa kwanza ni yule ambaye hakufika. Kituo kiko mbali, mvua imeharibu barabara, hana nauli ya boda boda, au ni msimu wa kuchuma majani chai. Pengine alifika akaambiwa chanjo zimeisha. Mwaka 2025, kwa mfano, chanjo za BCG na polio zilipungua katika vituo vingi nchini. Huyu hapingi chochote. Anahitaji msaada, si lawama.

Wa pili ni mwenye hofu. Mtoto wake wa kwanza alipata homa usiku baada ya sindano. Au amesikia kwamba chanjo husababisha usonji. Uvumi huo ulitokana na makala ya daktari mmoja Mwingereza, Andrew Wakefield, iliyochapishwa mwaka 1998 kuhusu watoto 12 tu. Baadaye ilionekana kwamba kazi ile haikuwa ya uaminifu. Jarida liliiondoa makala hiyo mwaka 2010, na mwaka huo huo Wakefield akanyang'anywa leseni ya udaktari. Uchunguzi mkubwa wa watoto wengi katika nchi mbalimbali haukuona kwamba chanjo huleta usonji. Mwenye hofu anahitaji majibu.

Wa tatu ni yule asiye na uamuzi. Mume wake amekataa, au mama mkwe amesema, "Sisi tuliwalea bila hizo sindano." Huyu anahitaji mtu wa kukaa na familia nzima. Na nyanya aheshimiwe. Mwulize kwa upole, "Nyanya, katika siku zako surua ilipopita kijijini, ilikuwaje?" Mara nyingi nyanya atakumbuka watoto waliozikwa. Akishakumbuka, yeye mwenyewe ndiye atakayembeba mjukuu kwenda kliniki.

Wa nne ni yule aliyeamua kukataa kabisa na anawashawishi wengine wakatae. Huyu ndiye mpinga chanjo wa kweli. Ni wachache sana. Lakini sauti yao ni kubwa, nasi tunaikuza zaidi tunapowapa wale watatu jina lao.

KWA NINI HALIWEZI KUNGOJA

Pengine utasema, "Basi kila mtu na mtoto wake." La, mama. Surua, ambayo wengine huiita ukambi, haiko hivyo. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ili isienee, watoto wapatao 95 katika kila 100 lazima wawe wamechanjwa.

Tena kuna mtoto ambaye bado hajafika miezi 9. Yeye hawezi kuchanjwa kwa kawaida, maana kinga aliyopewa na mama yake bado inaweza kuizuia chanjo kufanya kazi. Mtoto huyu analindwa na nani? Analindwa na watoto wakubwa wa majirani. Wao wakiwa na kinga, ugonjwa hauna njia ya kumfikia.

WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, soma kijitabu chako cha mama na mtoto. Mtoto huanza chanjo anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Surua na rubela ni miezi 9, na tena miezi 18. Usiiache ile ya miezi 18. Dozi ya kwanza huwaacha watoto wachache bila kinga kamili, na ya pili huwafikia hao.

Pili, ukichelewa, nenda. Usiogope kukaripiwa. Mtoto haanzi upya, anaendelea pale alipoachia.

Tatu, uliza. Una haki ya kumwuliza muuguzi: Hii ni chanjo gani? Inazuia ugonjwa gani? Baadaye nitarajie nini? Lini nirudi? Mweleze pia ikiwa mtoto alipata shida kubwa baada ya chanjo iliyopita, au ikiwa ana ugonjwa wa kudumu.

Nne, jua yaliyo ya kawaida. Homa ndogo, kulia kidogo na kuvimba pale palipochomwa ni mambo ya kawaida, nayo huisha kwa siku moja au mbili. Mwili unajifunza kupigana. Kidonda kidogo cha BCG mkononi kiache kikauke chenyewe, usikipake dawa yoyote. Lakini mtoto akipata degedege, akishindwa kupumua vizuri, akiwa na homa kali isiyoshuka, au akilia bila kukoma kwa saa tatu, mrudishe kituoni mara moja.

Tano, ukiwa mjamzito, anza kliniki mapema upate chanjo ya pepopunda. Katika mimba ya kwanza, kama hujawahi kuchanjwa, utapata dozi mbili zikiachana angalau wiki nne.

Sita, ukisikia uvumi, usiupitishe kwanza. Mpelekee mhudumu wa afya wa jamii au muuguzi, umwulize. Na ukikutana na jirani ambaye mtoto wake hajachanjwa, usianze na jina. Anza na swali: "Dada, ni nini kilichokuzuia?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka mwisho. Huenda jibu likawa nauli ya shilingi chache tu, au kukosa mtu wa kuandamana naye.

MAMBO YA KUKUMBUKA

• Chanjo ni neno letu, limetokana na kuchanja.
• Jina "mpinga chanjo" lilivumia Uingereza zaidi ya miaka 100 iliyopita. Hofu ya chanjo si aibu ya Mwafrika wala ya mtu asiyesoma.
• Kuuliza si kupinga. Anayeuliza bado anatafuta njia ya kumlinda mtoto wake.
• Walio wengi kati ya wanaoitwa wapinga chanjo ni watu waliochelewa, wanaoogopa au waliozuiwa.
• Haki ya afya ni ya mtoto mwenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, ni mambo gani huwazuia akina mama kufika kliniki?
2. Ni uvumi gani mmesikia kuhusu chanjo? Nani anaweza kuwajibu?
3. Kikundi chenu kinaweza kumsaidiaje mama ambaye mumewe amekataa?

Mpendwa mama, kabla ya kulala leo, kitoe kile kijitabu cha kliniki ukiangalie. Kama kuna nafasi ambayo haijajazwa, kesho ni siku nzuri ya kwenda. Katika mazungumzo yajayo tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto na namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari nyumbani. Hadi wakati huo, nakutakia afya njema wewe na wote wa nyumba yako. Kwaheri.